Maswali ya Wasomaji: Msumari Haulipiwi na Dhamana ya Maili 70,000

SWALI: Naishi Minneapolis na nataka kununua matairi manne ya Toyota RAV4 pale Costco. Matairi yana dhamana ya maili 70,000, halafu duka nalo lina dhamana yake ya miaka mitano. Nikikanyaga msumari, ipi inanilipa?

JIBU: Ya duka. Hizi ni dhamana mbili tofauti, na wengi huzichanganya mpaka siku ya kudai. Ya maili 70,000 ni ya kiwanda, na inahusu tu kuisha kwa kashata, yaani ile mistari ya tairi inayogusa barabara. Misumari, vyupa na yale mashimo yanayochimbika barafu ikiyeyuka ni juu ya duka.

Pancha ya katikati ya kashata, tundu lisizidi robo inchi, huzibwa bure: tairi huvuliwa kwenye rimu, kikabandikwa kwa ndani kiraka chenye mkia wa mpira unaojaza tundu. Ubavuni haizibwi, usikubali fundi yeyote akuzibie hapo. Tairi lisipozibika unalipwa fidia, ila si bei nzima. Kashata ya tairi jipya ikiwa na kina cha 10/32 ya inchi, toa 2/32 za mwisho ambazo ni kikomo, zinabaki 8/32 za kutumia. Likiharibika likiwa na 6/32, umebakiwa na nusu, kwa hiyo kwa tairi la dola 160 tarajia kama dola 80 za kuongezea kwenye jipya.

Kinachoua madai mengi ni kuendelea kuendesha upepo ukiwa umeisha. Ubavu husagika na kuacha unga mweusi ndani ya tairi, na fundi akiuona tu anajua. Simama, funga spea.

Kiwanda kinataka karatasi. Hamisha matairi mbele na nyuma kila maili 5,000 hadi 7,500 (Costco hawatozi kwa matairi waliyokuuzia) na hakikisha maili zimeandikwa kwenye risiti. Tairi la maili 70,000 likiisha sawasawa kwenye 49,000, punguzo lako ni kama asilimia 30. Likiliwa upande mmoja hupati kitu, maana hilo ni tatizo la alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka, na Costco hawafanyi alaimenti. Tafuta gereji wiki hiyohiyo ya kufunga matairi.

Ukiwa bado dukani, soma ubavu. Kama gari lako linatumia saizi ya 225/65R17 102H, usishuke chini ya 102, ambayo ni alama ya uzito ambao tairi linabeba, wala H, ambayo ni alama ya mwendo linaouhimili. Tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1425 ni wiki ya 14 ya 2025. Na nunua kwa kadi yako mwenyewe ya uanachama wa Costco, si ya shemeji, kwa sababu rekodi hukaa kwenye namba ya mwanachama.

SWALI: Subaru yangu imepasuka tairi moja, mengine yamefika nusu. Ninunue moja tu?

JIBU: Hapana. Gari linalosukuma magurudumu yote manne halipendi matairi ya vimo tofauti. Lile dogo huzunguka haraka zaidi na gia huumia kwa joto. Tofauti ya kashata ikizidi 2/32 au 3/32, badilisha yote. Dhamana ya duka italipia lile lililopasuka tu. Matatu yaliyobaki ni ya mfuko wako. Kuna wauzaji wanaochonga tairi jipya lilingane na wenzake, na hiyo huwa nafuu zaidi, kwa hiyo uliza kwanza.