Baada ya kumi, rudi moja

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo ya huduma ya kwanza, kosa ninaloliona karibu kila darasa, tunapojifunza kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama, ni kukandamiza kifua kwa woga, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Mikono inagusa tu, kifua hakishuki. Kwa mtu mzima kinatakiwa kishuke sentimita 5 hadi 6, na kazi hiyo mikono peke yake haiiwezi. Piga magoti ubavuni mwake, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, nyoosha viwiko, mabega yasimame juu ya mikono, kisha uachie uzito wa mwili ushuke. Baada ya kila mkandamizo kiache kifua kipande hadi juu kabisa, maana hapo ndipo moyo unapojaa damu. Ukibaki umemwegemea, unakamua moyo mtupu. Ubavu ukilia, usiache. Ubavu huunga.

Kasi ni mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika: mara 30, kisha pumzi 2 za kumpulizia mdomoni, kisha 30 tena. Hapa Kiswahili chetu kinatutega. Moja hadi kumi kunakwenda vizuri, lakini jaribu kutamka "ishirini na saba" kwa mkandamizo mmoja. Kuna mwanafunzi wangu mmoja alianza na mikono mizuri mno. Alipofika kumi na moja, mikono ikaanza kuusubiri ulimi, na kufika ishirini alikuwa amepoa kabisa. Tangu siku ile nafundisha kuhesabu moja hadi kumi, mara tatu. Anayesimama pembeni akunje kidole kila kumi likitimia.

Sasa jambo linaloniuma hadi leo. Nikiwa bado mgeni wa kazi hii, mzee mmoja alianguka stendi ya daladala. Nilipomfikia alikuwa anakoroma. Kinywa kinafunguka kama cha samaki aliyetolewa majini, kimya, kisha tena. Watu wakasema, "Anapumua huyo, mwacheni apumzike." Nikawaamini, nikakaa nimemshika mkono. Kule hakukuwa kupumua. Moyo ukisimama, mwili unaweza kuendelea kutweta hivyo kwa dakika kadhaa. Mzee hakuamka. Kwa hiyo shikeni hili: umemwita na kumtikisa mabega haitiki, umemtazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10 hapumui kama mtu wa kawaida, anza.

Umati utakuja, na kila mmoja ana dawa yake. Huyu anamwaga maji kichwani, yule anataka mgonjwa akalishwe. Msigombane nao, wapeni kazi. Ukisema "jamani pigeni simu" kila mtu atamtazama mwenzake. Nyosha kidole: "Kaka wa shati jeupe, piga simu, ukimaliza niambie wamesemaje. Mama, nikingie jua na kanga yako."

Kupuliza kunawatia wengi hofu, hasa kwa mtu wasiyemjua. Kama huwezi, kandamiza tu bila kukoma. Lakini aliyezama majini ni habari nyingine, kwa sababu aliishiwa hewa kabla moyo haujasimama. Huyo anza na pumzi: inamisha kichwa nyuma, inua kidevu, bana pua, puliza mpaka uone kifua kinapanda, ndipo ukandamize. Nawasihi mnaoishi pwani, msimning'inize kichwa chini wala kumminya tumbo ili atapike maji. Mnampotezea muda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni.

Nyumbani jizoezeni juu ya mto mgumu sakafuni, dakika 2 kamili kwa kutazama saa. Mtahisi mikono inalegea mapema kuliko mlivyodhani. Ndiyo maana tunapokezana kila dakika 2, na wa kukupokea awe ameshapiga magoti upande wa pili kabla hujamwita.