Nani kafanya? Maswali yenu kuhusu kauli ya kutendwa

*Mwalimu, bosi karudisha ripoti yangu anasema nzito. Niliandika "Zoezi la usafishaji wa mitaro lilifanywa na vijana wa mtaa". Kosa liko wapi?*

Kosa hakuna mdogo wangu, uzito ndo upo. Cheki hilo "usafishaji", ni kitenzi safisha kimevalishwa koti kikawa jina, sasa kwa vile kimeacha kazi yake ikabidi umwite "lilifanywa" aje kushika zamu, na vijana wenyewe waliojaa matope umewatupa mkiani. Andika tu "Vijana wa mtaa walisafisha mitaro", maneno kumi yamebaki matano. Ukiona lilifanywa, ilifanyika, yalitolewa, angalia jirani yake, mara nyingi kuna jina limemeza kitenzi. "Maelekezo yalitolewa na mwenyekiti" si ni mwenyekiti alielekeza tu jamani.

*Kwa hiyo kutendwa, yaani kuanza na kilichotendwa badala ya mtendaji, tuiache kabisa?*

Hapana aisee. "Simu yangu imeibwa", sasa mwizi humjui utamtaja nani? Na mtoto akigongwa na bodaboda, mama mtu anataka habari za mtoto kwanza, bodaboda atafuata, kwa hiyo anayeanza ni mtoto.

*Mwanangu kaambiwa aanze na Paka: "Ugali umeliwa na paka". Kaandika "Paka umekula ugali", kakoseshwa.*

Kakoseshwa kihalali mama. Ile u- ilikuwa ya ugali, paka akishika usukani inakuja ya kwake: "Paka amekula ugali." Na wakati usiguswe, ni -me- inabaki -me-, wengine wanaandika "alikula" wanapoteza maksi hivihivi.

*"Aliuawa na panga" ni sawa?*

Panga halina mikono. Aliuawa kwa panga, na mtu.

*"Sahani imevunjika" nayo ni kutendwa?*

Hiyo ni kutendeka, na ndo kauli tamu kuliko zote kwa mwenye kesi 😂 Ukisema "imevunjwa" kuna mtu kajificha, tutauliza nani, ila "imevunjika" hapo hata wa kuuliza hayupo, sahani imejiamulia yenyewe. Watoto wa nyumbani kwangu hii wanaijua vizuri kuliko mimi, na mtunza hazina wa kikundi chenu akisimama kusema "hela zimepotea" msipige makofi, mwambieni arudie sentensi aanze na jina la mtu.