Sabuni ya vyombo kwenye gari, inafaa?

SWALI: Nimenunua shampuu ya gari, dawa ya rimu na nta. Shemeji ananiambia napoteza fedha, sabuni ya vyombo inatosha. Gari langu ni jeusi. Nizijaribu vipi bila kuharibu rangi?

JIBU: Hujapoteza fedha. Sabuni ya vyombo imetengenezwa kukata mafuta, na ukiioshea gari kila mara inaondoka na nta inayolinda rangi. Mimi huitumia pale tu ninapotaka kutoa nta kuukuu kabla ya kupaka mpya.

Anzia chini ya mlango wa nyuma, ambako macho hayafiki. Gari liwe kivulini na bati limepoa kabisa. Likiwa la moto, dawa hukauka kabla hujaisuuza, ikaacha madoa. Osha kipande hicho, kausha, kisha kimulike kwa tochi ukiishika kiubavu. Rangi nyeusi haifichi kitu: vimikwaruzo vya mviringo utaviona hapo hapo.

Mara nyingi vimikwaruzo hivyo havitokani na shampuu bali na mchanga ulionasa kwenye kitambaa. Kwa hiyo mwagia gari maji kwanza, na uwe na ndoo ya pili ya kusuuzia kitambaa tu. Kikianguka chini, tafadhali usikirudishe kwenye gari!

Dawa ya rimu ndiyo ninayoihofia. Soma maelezo ya chupa. Yenye asidi hula rimu za alumini zisizopakwa rangi. Usiipulize breki zikiwa bado za moto, na vaa glavu.