Ukitaka kumuomba mtu figo, usimuulize kwenye kikao

Assalam alaykum jamaa zangu. Hii nimeiandika nikaifuta si chini ya mara tatu, mana inagusa watu wa nyumbani na sie Wapemba mambo ya nyumbani hatupendi kuyaanika. Lakini mwezi huu peke yake watu wawili wamenifata dukani, kila mmoja kwa wakati wake, wananiuliza "wewe si ulitoa figo, hebu tuambie tunaanzia wapi", na wote wawili nimewajibu jambo moja kabla hata ya kuzungumza vipimo wala pesa. Msiitishe kikao.

Sie tuliitisha.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 34. Presha, na hajui kama anayo. Kichwa kikimuuma anaingia duka la dawa ananunua diklofenak, ile dawa ya maumivu, anameza anarudi kazini, miaka na miaka hivohivo. Mara miguu ikaanza kuvimba, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo, mkojo nao unatoa povu kama umetia sabuni, yeye anasema uchovu tu huo. Siku aliyokimbizwa spitali hawezi kuvuta pumzi ndo tukaambiwa figo zote mbili zimekwisha. Presha na sukari ndo zinazoongoza kumaliza figo za watu na zote mbili zinakula kimya kimya haziumi, kwa hiyo kama mwaka huu hujapima nenda kapime, hapo napita tu mana sio nilichokuja kusema.

Akahamia kwangu Unguja kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu. Mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara. Walimuungia mshipa mkononi, ukiweka kiganja juu yake unausikia unavuma kama mzinga wa nyuki, watoto wangu walikuwa wanagombania zamu ya kuusikiliza. Maji ya kunywa anapimiwa, kiu ikimzidi anamumunya kipande cha barafu. Na hapo wageni ndo wanakuja, na kila anaekuja kutoka Pemba anakuja na madafu, "haya yanasafisha figo", ukiyakataa unaonekana una kiburi. Jamani, dafu lina potasiamu nyingi na figo iliyokufa haiwezi kuitoa, ikijaa kwenye damu moyo unaweza kusimama. Mie nlikuwa nayapokea kwa mikono miwili, ahsanteni sana, halafu nayapitisha mlango wa uani kwa jirani. Jirani yule alinenepa mwaka ule.

Sasa kikao. Ami yetu mkubwa alikiitisha Wete nyumbani kwa mama, baada ya sala ya Ijumaa, na nia yake ilikuwa njema sitaki mtu amseme vibaya ami. Mkeka ukatandikwa, kahawa ikaletwa na halua, ndugu wote, wajomba, mpaka majirani wawili watatu wakakaa mlangoni. Ami akaeleza ugonjwa ulipofikia, akasema daktari anataka mtu wa damu moja atoe figo moja, halafu akasema nataka kila mtu aseme kwa kinywa chake, nani atamuokoa mwenzake. Akaanza kutuangalia mmoja mmoja. Mama anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Hebu niambieni ni nani anaeweza kusema hapana pale? Mie niliangalia kikombe cha kahawa, kile kidogo kisichokuwa na mkono, kilikuwa na ua jekundu limefutika upande mmoja, mpaka leo ua lile nikifumba macho naliona.

Mdogo wetu wa mwisho akasema "mimi". Ana miaka 22. Hakuangalia mtu usoni wakati anasema. Mama akamshika kichwa akamuombea dua, watu wakapiga takbira, ami akasoma Fatiha, basi imekwisha hiyo.

Vipimo vya mwanzo akafanya, vikakubali. Siku ya kuvuka kwenda Bara kumaliza vilobaki tuko bandarini Malindi hapa Unguja alfajiri na mabegi, boti ya saa moja, yeye hayupo. Simu imezimwa. Tukapiga tukapiga mpaka wakatoa ngazi. Mgonjwa wetu amekaa juu ya begi lake akasema tu "msimtafute". Siku ya tatu tukasikia yuko Tanga kwa rafiki yake. Hapo ndo maneno yakaanza, muoga, kamuuza ndugu yake, hana imani, mjomba mmoja akasema bora angekufa yeye, na mama mwezi mzima hakutaja jina lake. Na mie pia nilisema, sijitoi.

Mie hakuna aliyeniuliza, kwa sababu nina mume na watoto watatu, wakaona mwanamke mwenye majukumu aachwe. Baadae nimekuja kusoma kwamba katika wanaotoa figo wakiwa hai wanawake ni wengi kuliko wanaume, duniani huko, wala sikushangaa. Nilikwenda mwenyewe kupima bila ya kumwambia mtu isipokuwa mume wangu. Kundi la damu O kama la mgonjwa wetu. Wakapima kama tishu za miili yetu zinaendana, wakachanganya damu yangu na yake kuona kama yake itaishambulia yangu, wakapima figo zangu zote mbili kila moja inafanya kazi kiasi gani, sukari, presha, picha ya mishipa. Ni miezi, sio siku mbili.

Mume wangu alikuwa na maswali mawili. La kwanza, na tukitaka mtoto mwengine? Daktari akasema inawezekana, ila nisubiri kama mwaka na mimba hiyo iangaliwe zaidi kwa upande wa presha. La pili utaishi vipi na figo moja, na hapo nikamuonesha habari ya figo ya mwanzo kabisa kufanikiwa duniani, Boston Marekani, Disemba 1954, pacha alimtolea pacha mwenzake. Yule aliyetoa alikuwa na miaka 23. Kafa 2010 ana miaka 79. Mume wangu akasoma mara mbili akasema haya.

Sasa sikilizeni hapa. Tulipofika kule Bara (siku hizi hakuna haja ya kukimbilia India moja kwa moja, Muhimbili wamepandikiza figo ya kwanza Novemba 2017 na pale hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma wakafata mwaka 2018) daktari alitoa kila mtu nje. Mume wangu nje, ami nje. Akafunga mlango. Akaniuliza nani kakwambia utoe? Kuna mtu kakuahidi pesa, kiwanja, chochote? Ukikataa leo, nyumbani kwenu kutakuwaje? Halafu akaniambia, ukibadilisha mawazo wakati wowote, hata ushavaa gauni la theatre, niambie mimi tu, mimi nitatoka nje niwaambie ndugu zako kwamba hufai kutoa, na sitowaambia kwa nini, hiyo ni siri ya mgonjwa na nyinyi wote wawili ni wagonjwa wangu.

Nililia pale mpaka akanipa boksi zima la tishu. Alidhani naogopa kisu. Mie nlikuwa namuona mtoto wa watu kazima simu yake Tanga.

Kwa hiyo ushauri wangu ndo huu na naurudia kwa kila anaeniuliza. Usiombe figo, toa habari. Mtu mmoja, sio mgonjwa mwenyewe wala mama, amfate kila ndugu peke yake amwambie mwenzetu kafika hapa, madaktari wanasema ndugu mzima wa miaka 18 na zaidi anaweza kutoa, ukitaka kujua zaidi nitafute, usipotaka hatutozungumza tena. Halafu unyamaze kweli, usimpigie kesho yake kumuuliza hali. Na grupu la familia la WhatsApp ni kikao vilevile, tena kibaya zaidi mana watu wanaona nani kasoma hakujibu. Atakaesema hapana mpe kazi nyengine, kuna kumsindikiza mgonjwa kwenye mashine, kuna nauli, kuna kuchangia damu, ambayo mwanamme anaweza kila miezi mitatu na mwanamke kila minne. Na wewe unaeulizwa, ukiwa hutaki mwambie daktari faragha. Usikimbie. Huna haja ya kukimbia.

Barazani mtu mmoja alituambia msisumbuke India figo zinauzwa. India sheria yao ya 1994 inakataza kuuza, na anaekuuzia kwa mlango wa nyuma hajali kama figo ile ina maradhi au kama yule maskini aliyetolewa yuko hai. Msiingie huko.

Dini nayo, najua ndo mnayongojea. Wengi walinambia mwili ni amana, na ile hadithi kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Ni kweli ipo, na wapo masheikh hawaruhusu hasa kwa maiti. Lakini Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1988 likaruhusu kwa masharti, atoe kwa hiari yake, asidhurike yeye, na kisiuzwe. Sheikh wetu wa mtaani alinisomea aya ya Suratul Maida, mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama kawaokoa watu wote, akasema rudi kamalize vipimo. Kama roho yako haijatulia muulize sheikh unaemuamini au nenda Ofisi ya Mufti, usiende kwa mimi muuza vitambaa.

Operesheni yenyewe haina hadithi ndefu, unalala unaamka. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni bega. Wanatoboa matundu madogo wanaujaza tumbo gesi ili waone, na ile gesi ukiamka inapanda juu, bega la kulia liliniuma kuliko kidonda siku mbili nzima, nikadhani wamenipasua pasipo. Inaisha yenyewe, tembea tembea tu. Na kingine kilichonichekesha, figo za zamani hawazitoi, mpya wanaipachika chini ya tumbo pembeni, kwa hiyo mdogo wangu sasa ana figo tatu mie nina moja, na bado ananiomba hela. Siku ya pili waliniegesha kitandani kwake nikaona mfuko wa mkojo unajaa, rangi ya chai nyepesi. Yule mtu hakuwa amekojoa kitu cha maana karibu mwaka. Tulikaa tunauangalia mfuko wa mkojo kama watu wanaoangalia mpira.

Yeye dawa zake ni za maisha, asubuhi na usiku kwa saa ileile, simu ikilia saa tatu popote alipo anameza, akiziacha mwili unaigundua figo ni mgeni unaila. Mie napima kila mwaka na diklofenak siigusi tena, mana nayo inaumiza figo.

Kuhusu kuchukua viungo kwa maiti nitasema kidogo. Kwetu tunazika siku ileile, mtu kafa asubuhi alasiri yuko kaburini, na moyo ukishatolewa hausubiri zaidi ya masaa kama manne mpaka sita, lakini kile kioo cha mbele cha jicho kinaweza kuchukuliwa masaa kadhaa baada ya mtu kufa na kikahifadhiwa siku kadhaa, na upandikizaji wake ni wa zamani tangu 1905. Bibi yangu alikufa haoni jicho moja kwa kovu tu la kioo kile. Hata kama hutaki kutoa chochote, sema ukiwa mzima, kwa mkeo, kwa mumeo, mana hakuna anaeweza kumuuliza mjane swali hilo wakati sanda inakatwa.

Niliporudi dukani nilikatazwa kubeba kizito wiki sita. Nauza vitambaa, jora moja la pamba nzito ni uzito wa mtoto wa skuli. Siku ya kwanza nafungua mlango namkuta mdogo wetu wa mwisho amekaa kizingitini. Hakunisalimia vizuri, akaingia akaanza kushusha majora. Akaja na kesho yake. Wiki zote sita alikuja, hatukuzungumza Tanga hata mara moja, na mie niliogopa kuanza.

Juzi tu ndo nimemwambia alichoniambia daktari nyuma ya mlango, kwamba ungesema hutaki, tungeambiwa hufai, basi. Alikuwa na jora begani. Akasimama.

"Kumbe ilikuwa inawezekana?"

Nikamwambia ndio. Akaliweka lile jora mahala pake akarudi kuchukua jengine.