Kwa nini Jane hakuondoka

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, sisi huku hatujambo. Juzi kwenye simu uliniuliza Jane Manning James aliwezaje kubaki katika Kanisa letu la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni), ilhali alinyimwa ibada kuu za hekaluni kwa sababu ni mweusi. Ukasema labda alikuwa mpole kupita kiasi. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Mwaka 1843 Jane na ndugu zake walitoka Wilton, Connecticut, kwenda Nauvoo, Illinois, kuungana na Watakatifu. Walipofika Buffalo wakakataliwa kupanda meli kwa sababu ya rangi yao, basi wakashika njia kwa miguu, karibu kilomita 1,300. Uzeeni alisimulia kwamba viatu viliwaishia, nyayo zikapasuka na kuvuja damu hata alama ya unyayo mzima ikabaki ardhini. Walivuka mto maji yakiwafika shingoni. Huko Peoria wakatishiwa kufungwa wasipoonyesha karatasi za kuthibitisha kuwa wao ni watu huru, na Jane hajawahi kuwa mtumwa wa mtu! Aliyepita hayo yote akafika si mtu wa kuyumbishwa.

Mwaka 1847 aliingia bonde la Salt Lake (Utah ya leo) pamoja na mumewe Isaac na watoto. Miaka ile ya mwanzo njaa ilikuwa kali. Mwaka 1849 jirani yake, Eliza Lyman, alibaki na watoto bila chakula, mume akiwa safarini California. Jane akampa ratili mbili hivi za unga. Eliza mwenyewe aliandika katika shajara yake kwamba hiyo ilikuwa karibu nusu ya unga wote aliokuwa nao Jane. Wewe sasa ni mama, unajua maana ya kupunguza unga wa wanao ili wa mwenzio wale.

Baadaye Isaac alimwacha. Aliporudi akiwa mzee, Jane alimpokea.

Tuje kwenye hekalu. Aliruhusiwa kubatizwa kwa niaba ya jamaa zake waliofariki, lakini si zaidi ya hapo. Mwaka 1884 alimwandikia Rais wa Kanisa, John Taylor, akiuliza kama hakuna baraka kwa ajili yake, na waliomfuata Taylor nao aliwaomba. Mwaka 1894 viongozi wakamuunganisha kwa ibada ya hekaluni na familia ya Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, kama mtumishi, tena mwanamke mwingine akasimama hekaluni badala yake. Hili linaniuma, sitakuficha. Jane naye hakuridhika, akaendelea kuomba hadi alipofariki 1908. Katazo la watu weusi kupata ibada hizo liliondolewa 1978, na mwaka uliofuata ibada zile zikafanywa kwa niaba yake.

Mimi naona alibaki kwa sababu aliamini haki ile ni yake, na mwenye haki haondoki, anadai. Barua zake zimehifadhiwa mpaka leo. Zisome kwanza, kisha nipigie.

Mama yako