Jibu kwa dada wa Katuba, Lubumbashi: mashirika hayajibu barua zetu

Dada, umeuliza kikundi chenu cha likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu) kipate wapi washirika wa kutetea haki za wanawake, maana barua kwa mashirika hazijibiwi. Acheni barua kwanza. Anzeni na watu ambao wamama wanawaendea tayari wakiwa na shida: chefu wa avenyu, muuguzi wa santè (kituo cha afya), pasta, mwanasheria mmoja. Pasta ana watu mia mbele yake kila Jumapili. Shirika la mbali litawapa semina na fulana.

Lakini msiende na neno "usawa" tupu, wanaume watafunga masikio. Nendeni na jambo moja. Mfano: tangu Kanuni ya Familia, sheria ya ndoa na familia ya Kongo (RDC), irekebishwe mwaka 2016, mke haombi tena ruhusa ya mume ili afanye kazi au asaini mkataba. Wangapi Lubumbashi wanajua? Lielezeni kwa Kiswahili cha kwetu redioni, saa za jioni, na mume mmoja anayekubaliana nanyi aongee pia (huyo mtafuteni kwa makini, asiwe msemaji wa kila kitu).

Mama akisimulia yake hewani, jina lake libaki nyumbani.