Peugeot 504 ya mzee haishiki tangu nifunge imobilaiza

SWALI: Fundi, salaam. Nina Peugeot 504 stesheni ya 1982, ya kabureta, niliachiwa na marehemu baba. Wizi mtaani umezidi basi nikaenda kufungiwa imobilaiza, kile kifaa cha kuzuia gari lisiwashwe na mwizi, na siku hiyo hiyo fundi akanifungia redio. Tangu nianze kuitumia ni tabu, naizima hiyo imobilaiza kwa rimoti, kataa kake kekundu kanazimika vizuri, napiga stata injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki, ila saa zingine nikiachia ufunguo inakohoa mara moja kama inataka kuwaka. Vijana wakiisukuma inashika hapo hapo. Naambiwa ninunue kabureta na pampu ya mafuta. Ninunue? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, usinunue kitu kwanza! Gari ikisukumwa ikashika maana yake mafuta yanafika, plagi ziko sawa, platineti (zinazokata umeme ili plagi zitoe cheche) ziko sawa. Na pampu ya hiyo 504 inasukumwa na injini yenyewe, haina waya, kwa hiyo imobilaiza haiwezi kuikata hata ikitaka. Kabureta ya mzee iacheni ilipo.

Mimi jicho langu liko kwenye hilo neno lako la "nikiachia ufunguo". Kwenye magari mengi ukizungusha ufunguo hadi kwenye stata, swichi inakata umeme wa redio kwa muda ili betri ihudumie stata, ukiachia unarudi. Sasa kama fundi alichukua umeme wa imobilaiza kwenye waya wa redio, na si ajabu maana alikuwa ameshaufungua siku ile, basi kila ukipiga stata imobilaiza inakosa umeme, rilei yake, yaani swichi yake ya umeme, inaachia, na koili inayozipa plagi cheche inabaki kavu, haina umeme. Injini inazunguka bila moto, ukiachia ufunguo koili inapata umeme na injini bado inazunguka kidogo, ndio huko kukohoa. Ukisukumwa ufunguo uko kwenye "on" tu, haufiki stata, ndio maana inashika.

Hakikisha hivi. Gia nyutro, hendibreki juu, chukua testa ya taa, klipu kwenye bodi, ncha kwenye upande chanya wa koili. Fungua swichi, taa iwake. Halafu mtu apige stata na wewe usitoe macho kwenye taa: ikififia kidogo ni kawaida, ikizimika kabisa umeshaupata ugonjwa. Isipozimika, pima betri wakati stata inapiga, isishuke chini ya volti 9.6, maana betri chovu nayo inaweza kuizimisha imobilaiza katikati ya kazi.

Dawa ni kuhamisha ule waya wa umeme wa imobilaiza upeleke kwenye waya wa swichi unaobaki na moto kote kuwili, kwenye "on" na kwenye stata, na uweke fyuzi. Hapo mwambie fundi maungio ayapige lehemu, asisokote waya akafunga tepu, hewa ya chumvi ya Mombasa inakula shaba mpaka inageuka kijani na utarudi kuniuliza swali hili hili.

Ukikwama njiani kabla hujarekebisha, toa waya mmoja kutoka chanya ya betri hadi chanya ya koili, piga stata itashika. Lakini ufunguo hautaizima injini, lazima uchomoe huo waya, na usiuache umeunganishwa gari ikiwa imezimwa, koili itapata moto na kuungua.

Hizi 504 ndio zilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978, na nyingi ziliunganishwa hapo hapo kwenu Mombasa, kwa hiyo mafundi wazee wanaozijua nyaya zake bado wapo. Mtafute mmoja aisimamie kazi hiyo ya waya, aliyezoea kufunga redio peke yake hatoshi.